Yuniti za Upande Wako

Papa,

Tangu tukuzike, kitu kimoja kimebadilika katika nyumba hii ya Rosettenville: Mama ameacha kupiga magoti. Baridi ya mwezi wa sita imeingia, vigae vya sebuleni ni barafu tupu, naye asubuhi anasali kitandani, blanketi mabegani. "Mungu anasikia hata mutu mwenye kukaa," anasema. Mlipiga magoti pamoja kila alfajiri, kwa hiyo unajua kwake hilo si jambo dogo.

Na dawa iko chini ya miguu yetu! Mwezi wa tatu ulitandaza zile nyaya za kupasha sakafu joto, ulizopewa na tajiri uliyemwekea vigae, alipoghairi kuzitumia. Ulitufukuza nyumbani siku mbili, ukabandika vigae vipya sebule nzima, fundi umeme akaunganisha. Ukafariki kabla ya baridi. Swichi iko ukutani, Mama hataki iguswe. "Hii kitu itakula umeme yote, tubakie mu giza!"

Wewe ulizoea kuniambia kuuliza si ujinga. Basi nikauliza boksi la zile nyaya, ambalo bado liko chini ya kitanda. Saruji imefuta nusu ya maandishi, ila panasomeka: wati mia moja na hamsini kwa kila mita ya mraba. Nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima sebule kama ninavyopima bibi harusi: mita nne kwa tatu. Zidisha, unapata wati elfu moja mia nane. Yaani kila saa, karibu yuniti mbili. Eish, Papa. Mama alikuwa na haki ya kuogopa.

Lakini nilitaka kusikia na mita yenyewe inasemaje. Jumamosi Mama alipokwenda kwaya, nikachomoa friji, nikazima tangi la maji moto, televisheni, hata chaja ya simu. Nikaandika namba ya mita, nikawasha sakafu, nikakaa na saa mkononi. Baada ya saa nzima, ilikuwa imeliwa sifuri nukta tatu ya yuniti tu. Hata nusu yuniti haikufika.

Nilikukasirikia, nisamehe. Nikajisemea: anapendezesha nyumba za watu, kwake anaweka nyaya mbovu. Nikavua soksi, nikakanyaga kigae kimoja kimoja. Baridi. Baridi. Nikafika mbele ya kochi, joto! Nikafuata mpaka wake kwa vidole vya miguu, nikauchora kwa chaki ya kushonea, nikapima: mita mbili kwa moja. Mita mbili za mraba, wati mia tatu, nukta tatu kwa saa. Hesabu ilikubali.

Ni pale mlipokuwa mkipiga magoti kusali. Hukutuambia, mjanja wewe, ulitaka Mama agundue kwa magoti yake. Nilikaa ndani ya chaki nikalia.

Mama aliporudi nilimweleza yote: tukiwasha kwa muda wa saa moja kila asubuhi, ni yuniti tisa kwa mwezi, pengine pungufu, maana kile kisanduku cha swichi ukutani hukata umeme sakafu ikishapata joto. Bei ya yuniti hupanda, sikumficha. Sidhani alinisikia. Alikuwa anatazama ile chaki, kisha akavua viatu.

Jana asubuhi alipiga magoti. Alikaa upande wake, wa dirishani. Wako ameuacha wazi.

Nimefikiri sana juu ya hilo, unajua mwanao hapendi kitu kupotea. Nusu ya umeme ule unapasha mahali pasipo mtu. Nyaya zenyewe hazikatwi, na hata zingekatwa, mkasi wangu usingezigusa.

Pumzika, Papa. Nitawasha kila siku kabla Mama hajaamka. Na yuniti za upande wako nitazinunua mimi.

Binti yako