Wi-Fi ya Masara

Jumatatu, 3 Machi
Darasani tena. Mwalimu Chacha amechora ubaoni kompyuta nne, katikati ruta. Ujumbe hukatwa vipande, kila kipande kina anwani, na ruta inakielekeza kinakokwenda. Wenzangu wanaandika mbio. Wanatafuta kazi. Mimi nataka Okeyo alie.

Okeyo ni shemeji yangu. Mume wangu Owino alipofariki, huyu nduguye alitaka kunirithi. Nikakataa. Basi akatwaa saiba yetu ya Masara, duka letu la intaneti: kompyuta, ruta, mlingoti unaorusha Wi-Fi mpaka kwa wachimba dhahabu. Niliyoijenga na mume wangu. "Nyar Asumbi, binti wa Asumbi wewe, rudi kwenu," akaniambia mbele ya watu. Mama mkwe pekee ndiye aliyenitetea. Sikurudi Asumbi. Nimepanga chumba hapa Migori mjini, nasoma mitandao. Saiba yangu itarudi.

Jumatano, 5 Machi
Leo tumesoma wingu. Nilidhani ni mambo ya setilaiti. Kumbe ni kompyuta za watu, ziko kwenye majengo ya mbali, unazifikia kwa intaneti. Unaweka picha huko, kazi zako, hata usimamizi wa ruta. Ruta iko kwako, amri zinatoka winguni.

Nikauliza, mwenyewe anajulikanaje? "Kwa akaunti, mama," akasema Mwalimu. "Wingu halijui nani amekalia kiti."

Kalamu nikaiweka chini. Akaunti ya Masara Owino aliifungua kwa barua pepe yangu. Yake alikuwa anasahau nywila kila mara, nami namcheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeingia! Yawa, ruta yangu hii hapa, taa ya kijani. Naona kila simu iliyounganishwa, kwa jina. Ya Okeyo inavuta video kuliko zote. Amekaa kwenye kiti cha Owino, anatazama mpira. Sijagusa kitu. Haraka haraka haina baraka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemkaba kasi. Yeye peke yake. Wateja wanapaa, simu yake inazunguka tu.

Atieno, anayepika chapati mkabala na saiba, amenipigia. Shemeji kapanda paani, anageuza mlingoti huku na huku, anatukana mawingu ya mvua. Mtu mzima! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 12 Machi
Jina la mtandao. Kila anayetafuta Wi-Fi pale sokoni lazima alione. Nimeandika: MALI YA MJANE WA OWINO.

Okeyo kazima ruta, kaiwasha. Jina lile lile. Kaizima tena. Hajui mipangilio ya ruta iko winguni, ikiwaka inaifuata huko huko. Atieno anasema wachimbaji wanalisoma kwa sauti wakipita. Aone haya. Bado sijashiba.

Ijumaa, 14 Machi
Nimezima yote. Masara nzima, tangu asubuhi. Wateja wakimkimbia atanipigia mwenyewe, ataniomba. Nimekunywa chai yangu polepole. Tamu.

Jumamosi, 15 Machi
Aliyepiga ni Mama mkwe.

Binti yake Adhiambo anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Tajiri wake humpa simu Ijumaa tu, kidogo. Mama huenda saiba, anamwona usoni. Nilijua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika ile simu. Na jana sikumkumbuka hata kidogo. Alikaa pale kwenye benchi mpaka Okeyo akafunga mlango.

"Nyathina, mwanangu, ni wewe umezima?"

Nikasema ndiyo.

"Okeyo ni mwizi, nimemwambia usoni. Lakini wewe, mtoto wangu, hujawahi kuninyima."

Nimeiwasha. Sijala.

Jumanne, 18 Machi
Naona aibu. Okeyo bado namchukia. Vyote viwili viko, kimoja hakifukuzi kingine. Darasani sijaandika neno.

Ijumaa, 21 Machi
Mvua kidogo. Nimefungua ukurasa wa ruta mapema, nikasubiri. Simu ya Mama imeunganishwa saa nane. Nikafunga simu nyingine zote, kasi yote iende kwake. Wamezungumza muda mrefu. Sijui walisema nini, nimeona tu mstari ukipanda na kushuka.

Mama alipotoka nikawafungulia wengine.

Okeyo bado nimemfungia.