Tundu Chini ya Pete ya Goti

MAELEZO YALIYOTOLEWA KWA HIARI KITUONI
Shahidi: anajulikana kama Mzee Fundi
Umri: miaka 76
Kazi: fundi mstaafu wa vyuma vya miguu, karakana ya hospitali, sasa hufanyia kazi nyumbani
Makazi: kwa bintiye, mtaa wa nyuma ya hospitali
Tarehe: 2 Julai. Kuanza: saa 10:20 jioni

Nimeonywa kwamba nitakayosema yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa. Naomba yatumike upesi, kwa sababu daktari ameniambia nihesabu wiki, si miezi, na rufaa ya mtu niliyemfunga inasikilizwa tarehe 9 mwezi huu.

Mtu huyo ni karani wa masijala katika ofisi ya mkoa. Wenzake humwita Treni kwa mlio wa vyuma vyake. Miguu yake ilipooza utotoni na mimi ndiye ninayemtengenezea vyuma tangu akiwa na miaka tisa.

Chuma cha mguu kina bawaba gotini. Mtu akisimama, pete hushuka ikaifunika bawaba, goti lisikunjike. Akitaka kukaa, huipandisha kwa kidole. Bila pete hakuna kusimama.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa 11 jioni, Treni alikuja kwangu. Alisema, "Shikamoo mzee wangu. Treni imeacha reli." Pete ya goti la kulia ilikuwa imepasuka. Pete mpya zilikuwa kabatini, hatua sita kutoka kwenye benchi langu. Nilikuwa nimechoka na kifua kilinibana. Nilitoboa tundu kwenye bawaba nikapitisha msumari wa inchi mbili.

Akacheka. "Msumari? Kwani mimi mlango?"

Nilimwambia ni kwa siku chache tu. Akaniuliza kama utahimili, maana asubuhi yake kulikuwa na kupandisha bendera ofisini na wimbo wa taifa. Nilimjibu, "Utasimama." Neno hilo ni langu.

Yaliyotokea tarehe 4 Machi sikuyaona, niliyasikia mahakamani. Saa 2 kamili asubuhi wafanyakazi walijipanga uani. Treni alionekana akipanda ngazi na kusimama pamoja nao. Wimbo ulipoanza msumari ulichomoka, akajitupa kwenye benchi la ukutani. Mkuu wake alimwambia asimame. Alijibu, "Goti limefunguka, bosi. Nikisimama naanguka." Mkuu akasema, "Basi anguka, lakini usikae!"

Sheria inamtaka kila mtu asimame wima wimbo wa taifa unapopigwa, isipokuwa yule ambaye ulemavu wake haumruhusu. Shida ya Treni ni kwamba alikuwa ameonekana amesimama dakika mbili kabla. Tena mwezi uliotangulia alikuwa ameandika barua kuomba njia ya mteremko badala ya zile ngazi, na kwa utani wake akawaambia wenzake, "Msiponijengea, siku moja nitakaa chini mnibebe." Utani huo ulisomwa mahakamani kama ushahidi kwamba alikaa kwa makusudi, kuudharau wimbo.

Mnamo tarehe 10 Machi, saa 4 asubuhi, askari aliniletea vyuma hivyo ndani ya gunia nivikague na kuandika ripoti. Aliviacha mezani akaenda kunywa chai. Msumari wangu ulikuwa umechomekwa kwenye mkanda wa ngozi, umepinda. Naamini Treni aliuweka pale ili uonekane.

Niliuchomoa nikautia mfukoni. Nilifungua kabati, nikachukua pete mpya, nikaifunga gotini. Ilinichukua robo saa, kazi ile ile niliyoona uvivu kuifanya tarehe 3. Kisha niliandika kwamba vyuma ni vizima na mwenye navyo anaweza kusimama. Nimefundisha mafundi kumi na wawili, na wote niliwaambia atakayeweka msumari kwenye goti la mtu atoke karakanani kwangu. Niliogopa wasikie.

Mnamo tarehe 22 Aprili niliapa mahakamani. Niliulizwa kama niliweka msumari. Nilisema, "Hapana." Treni hakunitukana. Alisema tu, "Mzee wangu." Nilipotoka, nikampita kwenye korido amekaa na askari, akaniamkia shikamoo. Sikuitikia. Tarehe 29 alihukumiwa miezi sita, na kazi ameipoteza.

Jana saa 3 asubuhi mkewe alikuja. Alisema, "Baba, anatambaa kwenda chooni kwa mikono. Vyuma vimezuiliwa kama kielelezo mpaka rufaa iishe. Niazime hata vibovu." Nilijaribu kushika nyundo mbele yake. Ikaanguka. Mikono yangu haishiki tena chochote.

Binti yangu hakutaka nije. Alisema, "Baba, watakufunga." Nilimwambia, wakiniwahi.

Msiamini maneno yangu, nimeshaapa uongo. Leteni kielelezo. Inueni pete ya goti la kulia. Ndani ya tundu mtakalolikuta chini yake, pitisheni msumari huu.

Naomba na hili liandikwe. Saa 12 kamili jioni, nikiwa katikati ya maelezo haya, filimbi ya kushusha bendera imepigwa. Ofisi nzima imesimama. Nimeshika meza nikajaribu, miguu ikagoma. Afande ameniambia, "Kaa tu, mzee." Hakuniuliza cheti wala fundi.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, na safari hii ni kweli.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya mpokeaji: Nimepokea msumari mmoja wa inchi mbili, umepinda, ndani ya pakiti ya dawa. Saa 12:35 jioni kielelezo kilifunguliwa stoo mbele ya shahidi na mkuu wa kituo. Pete ya goti la kushoto imelika. Ya kulia ni mpya. Chini ya pete ya kulia kuna tundu. Msumari, baada ya kunyooshwa, umeingia. Nakala inapelekwa mahakama ya rufaa leo hii. Shahidi aliuliza kama Treni atapewa vyuma usiku huu. Nilimjibu kwamba sina mamlaka hayo. Hajaondoka. Bado amekaa kwenye benchi la mapokezi, anasubiri jibu.