Ugoro Wangu na Mshubiri Wako

Mama Kabula, mwangaluka huko Bukundi.

Nina miaka themanini na moja, nimevuka njaa, nzige na wanaume wote waliokuposa kabla yangu, kwa hiyo hospitali hapa Bariadi niliingia kifua mbele. Kidonda changu cha mdomoni ni cha jino bovu, limeng'olewa, sikulia. Ila daktari, binti mdogo kuliko Kabula wetu, kanikataza ugoro. Anasema vitu vya kuleta saratani wamevitenga makundi kama ng'ombe: vilivyothibitishwa, vinavyoelekea sana kuileta, na vya "huenda", ambavyo ushahidi wake bado mdogo.

Nikauliza upesi juu ya mshubiri unaoponda jani zima na kunywa kila asubuhi.

"Huo uko kwenye huenda, babu."

Nilifurahi, mke wangu, usinune.

"Na ugoro?"

"Umethibitishwa."

Nikambana kama tuko mnadani, aushushe mpaka huenda, maana nimeutumia tangu ujana na pamba bado nalima. Akacheka.

"Hapa hatushushi, babu. Tunapanga kwa uhakika tulio nao, siyo kwa kumwonea mtu huruma. Au bibi umwachie kopo la ugoro akae nalo badala yako?"

Kopo nimeliacha mezani kwake.

Na wewe punguza huo mshubiri, nisije nikabaki peke yangu nagombana na mbuzi. Kaa salama, mzuri wangu. Ukidhani naongopa muulize Kabula, ndiye aliyenivuta mkono mlangoni nilipogeuka kulitazama kopo.

Mume wako, Masanja