Kompyuta ya Kupakata

3 Februari

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Salamu zikufikie ukiwa na afya na tumbo lililoshiba. Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Utasema ningepiga simu. Simu ni ya kuulizia bei ya nyanya. Mtoto wangu namwandikia.

Kaka yako bado yupo. Alisema anakuja kupumzika kidogo baada ya kuachishwa kazi, na sasa hata mapazia ya chumba cha kusomea amebadilisha. Kompyuta ya mezani ameikalia kutwa. Nikiitaka ananiambia, "Mama, dakika moja tu." Napika, nafua, naanika, na dakika yake haijaisha. Mchapishaji anasubiri niyahakiki majibu ya kitabu cha hesabu, na unajua riziki yangu imo humo.

Tena ameyarudia maneno ya kuuza nyumba. Nilimjibu kwamba nyumba hii niliijenga kwa vumbi la chaki na nitatoka humu nikiwa nimebebwa. Alicheka, akanimiminia chai. Sipendi anavyocheka siku hizi.

Basi nitafutie kompyuta ndogo ya bei nafuu, ya kupakata, nikae nayo jikoni. Ile kubwa ibaki ilipo.

Mama yako

14 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limekuwa na adabu. Mimi mzima. Hapa hospitali kazi yangu ya mitandao haiishi. Daktari akisahau neno la siri anadhani kompyuta imefariki, ananiita nije kwenye maziko.

Nimezunguka madukani kwa ajili yako. Kuna moja nyembamba, nzuri kama bibi harusi, lakini bei yake ni ya kuposea. Kuna iliyotumika, ina nguvu, ila ni nzito na betri yake inakata roho kabla chai haijachemka. Ya tatu ni ndogo, haina makuu. Haibebi mafaili mengi, skrini yake si ya kutazamia sinema, lakini vitufe vyake ni vipana kwa vidole vya mwalimu, haipigi kelele, na betri inakaa kutwa. Kwa kuwa kubwa ipo nyumbani, hii haihitaji kujua kila kitu. Nimeichukua hiyo.

Usihangaike kuhamisha kazi. Nimeziunganisha. Unachoandika kwenye ndogo kitahifadhiwa pia kwenye kubwa, hivyo hata ukiimwagia mchuzi, kazi iko salama. Kaka amenisaidia upande wa huko. Nilimpa neno la siri akaliingiza. Mama, usimwonee sana. Mtu aliyepoteza kazi hucheka vibaya.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Kula vizuri, usiishi kwa mikate. Mimi leo nina afya ya msichana.

Mgeni amefika. Nimempakata tangu asubuhi, na jirani yangu fundi cherehani amekuja kumwona, akauliza ananyonya mara ngapi kwa siku. Nimeketi jikoni, sufuria mkono wa kushoto, hesabu za sehemu mkono wa kulia. Nimemaliza sura nzima. Wanafunzi wangu wa zamani wakiniona hivi, jina la Bi Sahihisha litarudi mjini.

Kaka yako amefurahi kuliko nilivyotegemea. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Sasa Mama utafanya kazi kwa raha, na mimi huku nitakuwa na wewe." Sikuelewa alikuwa na maana gani, lakini maneno yalikuwa mazuri, na nimeyapokea.

Asante, mwanangu. Umenirudishia nyumba yangu.

Mama yako

21 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Nimeona kimya, nikajua ni kazi. Mimi mwili sijambo. Ni kichwa.

Mhariri ameirudisha sura ya tano. Majibu saba yalikuwa na makosa, tena makosa ya mtoto aliyechungulia kwa jirani akaona vibaya. Nilisema haiwezekani, niliyahakiki mara mbili kwa kalamu kwanza. Nikafungua kompyuta yangu, nikayakuta pale pale, makosa yote saba, kwa mpangilio wangu mwenyewe. Nikayasahihisha. Kesho yake manne yalikuwa yamerudi. Nimefundisha hesabu ujana wangu wote, na sijawahi kuogopa namba. Sasa naziogopa.

Kaka yako ananihurumia sana. Aliniuliza mbele ya fundi cherehani kama nakumbuka nilichokula jana, nami kwa hasira nikakosea. Fundi akatazama chini. Juzi walikuja watu wawili na utepe wa kupimia, wakapima sebule. Nilipouliza, kaka yako akasema, "Ni mafundi wa rangi, Mama. Si ulikubali wewe mwenyewe?"

Labda nilikubali. Simu yangu ameipeleka ikatengenezwe. Niandikie upesi.

Mama

5 Mei

Shikamoo Mama,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi. Mimi sijambo, ila moyo hauko mahali pake.

Nitakuambia ukweli. Kaka alinipigia kabla barua yako haijafika. Alilia, Mama. Sijamsikia akilia tangu tumzike Baba. Alisema unasahau, na mhariri anakaribia kukunyima kazi. Kompyuta haina kosa, niliipima mwenyewe kabla sijaituma. Mashine haibadilishi namba kwa kupenda.

Tafadhali mwone daktari anayemtaja Kaka. Si aibu. Goti linachoka, macho yanachoka, na kichwa nacho kina haki yake. Mwache Kaka akushike mkono. Mimi niko mbali, yeye yuko hapo.

Nakupenda.

Binti yako

19 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nipo.

Nimeenda kwa daktari kama ulivyotaka. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu mgonjwa akificha hatibiwi. Nilimweleza na hili la Jumanne. Ilikuwa mchana, nimekaa jikoni, mikono yangu yote miwili imo kwenye maji ya mchele, na kompyuta iko wazi mezani. Pale palipoandikwa arobaini na nane, nane ikafutika. Ikafuata nne. Kisha ikaandikwa themanini na nne, polepole, tarakimu kwa tarakimu, na mimi sijagusa kitu. Nikapiga ukelele. Kaka yako alitoka chumba cha kusomea, akaja, akatazama, akaniambia kwa upole, "Mama, mbona mimi sioni kitu?"

Daktari aliandika haraka sana nilipofika hapo. Aliniuliza kama nasikia sauti pia.

Sasa iko hati. Nikiitia saini, kaka yako atasimamia mali zangu zote, nyumba hii ikiwemo, na mimi nitahamia mahali penye wauguzi. Anasema ni kwa heri yangu. Mimi sijui tena heri yangu ni ipi, mwanangu. Mtu asiyeweza kuamini macho yake ataamini nini? Nakuamini wewe. Ukisema nisitie, sitatia hata wanishike mkono. Ukinyamaza, nitajua umekubali na umeona uzito kuniambia. Nitasubiri jibu lako.

Barua hii nampa fundi cherehani aitume. Kaka yako anasema barua zinanichosha.

Mama

27 Mei

Mama yangu,

Leo sisalimii kwa kirefu, unisamehe. Usitie saini. Usitie saini kitu chochote.

Huumwi. Macho yako yaliona kweli. Nilikuambia kwamba kazi yako inahifadhiwa kwenye kubwa, sikukuambia kwamba njia hiyo ni ya kwenda na kurudi. Mtu akikaa kwenye kompyuta ya mezani akafuta namba, inafutika mbele yako jikoni wakati huo huo. Mimi nafanya kazi hii kila siku na haikunipitia akilini, kwa sababu anayekaa pale ni kaka yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nimekushonea mimi.

Nimejaribu kumfungia njia nikiwa huku. Nimechelewa, neno la siri ameshalibadilisha. Namba yako haiiti, yake anaikata.

Zima kompyuta hiyo. Chukua karatasi zako za nyumba, nenda kwa fundi cherehani ukae kwake. Usimgombeze Kaka, usimwambie unachojua. Nimempelekea fundi barua hii na kumwomba akupe mkononi. Ruhusa ya kazini nimeipata, nakuja mara tu mwenzangu wa zamu akirudi katikati ya Juni.

Kichwa chako ni kizima, Mama. Mimi ndiye niliyekosa akili.

Binti yako

11 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya na kazi zinakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Nimeona nami niishike desturi ya Mama ya kuandika. Simu zina maneno mengi.

Fundi cherehani aliileta barua yako. Ni mama mwaminifu, alisisitiza ampe Mama mkononi, nikamweleza kwamba Mama amelala na daktari hataki asumbuliwe. Tukanywa chai, akaniachia. Nimeisoma. Una hasira, nami sikulaumu, uchungu wa mzazi humfanya mtu amtafute mwenye makosa. Lakini jiulize nani atakuelewa ukianza kueleza habari za kompyuta mbili zinazosemezana, wakati maelezo ya Mama mwenyewe yameandikwa na daktari.

Nilipata mnunuzi mzuri. Mama nimempeleka mahali patulivu, bustani safi, wauguzi wenye heshima. Anwani nitakutumia akishazoea. Wanasema wageni wa mwanzo huwarudisha wagonjwa nyuma.

Nataka ujue kwamba hakulazimishwa na mtu. Hati ilikaa mezani siku nyingi na kalamu juu yake, na kila asubuhi aliniuliza kama kuna barua kutoka kwako. Nilimwambia hakuna. Jumatatu akasema, "Basi, kitinda mimba wangu amekubali," akaitia saini mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, halafu akaniomba niandike kukushukuru.

Kaka yako