Kitabu Kilichochemsha Chai

Jumatatu, 3 Machi

Umande mwingi. Vidole vimepasuka tena, nimepaka mafuta ya mgando. Leo tulichuma mistari ya juu, karibu na barabara ya Nyansiongo. Mgongo haunyooki.

Wakati wa mapumziko nilikaa mwisho wa mstari nikasoma. Kitabu changu ni cha mitumba. Nilikinunua soko la Masimba, kwa mama anayeuza viatu na vitabu juu ya gunia moja. Kinahusu mwanamke anayemtafuta mumewe aliyepotelea machimboni. Nikisoma sisikii mgongo. Wengine wana dawa zao, hii ni yangu.

Kerubo, nyapara wetu, alipita akaniona. Akasema Waluhya kama mimi siku hizi wanachuma chai kwa macho. Wanawake walicheka. Nami nilicheka. Sikupenda nilivyocheka.

Jioni netiboli. Hiyo ni dawa ya pili. Kutwa nzima natupa majani nyuma ya bega, kwenye kikapu, bila kuangalia, na kila jani ni mali ya mwingine. Jioni natupa mpira, na mpira ni wangu mpaka ufike kwenye pete. Nitalala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kubwa mchana. Tulikimbilia banda la kupumzikia. Kuni mbichi, moto ukakataa. Kerubo aliingiza mkono kwenye kikapu changu, akatoa kitabu, akachana kurasa za mwisho, akawasha. Halafu akachana nyingine. Hata hasira hakuwa nayo. Alifanya kama mtu anayeokota majani makavu.

Sufuria ilipochemka akasema, "Leo tunakunywa chai iliyosoma."

Walicheka mpaka wakakohoa. Bosibori, ambaye tunalala naye chumba kimoja hapa kambini, aliangalia chini. Lakini alikunywa.

Mimi sikunywa.

Sijui kama yule mwanamke alimpata mumewe. Sitajua. Niliacha shule darasa la saba, mama alipougua, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenipa kitu cha kusoma. Najitafutia mwenyewe. Halafu mtu anakuja anachemshia chai.

Namchukia Kerubo. Naandika hapa ili nikipoa nisome, nipate moto tena.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku sikulala sana. Asubuhi Bosibori aliniambia jambo, nadhani ni kwa sababu ya ile chai. Ana shangazi kule Kiogoro, mwalimu mstaafu. Anahamia kwa mwanawe na ana maboksi ya vitabu asiyoweza kuhama nayo. Atayatoa bure, mradi kuwe na chumba chenye mlango na kufuli. Hataki vitabu vyake viliwe na panya. Wala viishie jikoni.

Chumba nakijua. Kile cha maziwa, kilichobaki tangu shamba lilipokuwa la Mzungu. Kiko kati ya kambi ya juu na kambi ya chini, hakina kitu ndani ila popo.

Mchana nikaenda kwa meneja. Kumbe Kerubo amekwisha kukiomba. Anataka kuweka jiko la mandazi. Meneja hataki kelele za wanawake mlangoni pake. Akasema kambi ya juu na ya chini zicheze netiboli Jumapili ijayo, watakaoshinda wachukue ufunguo. Alikuwa anafanya mzaha. Kwetu si mzaha.

Kerubo ndiye mfungaji wa kambi ya chini. Mimi nafungia kambi ya juu. Hatujawahi kuwashinda.

Ijumaa, 7 Machi

Kila Ijumaa Kerubo huharakisha kupima chai yetu. Anataka afike nyumbani, aoge, apike chakula cha kesho, afunike moto. Jua likigusa mlima, Sabato imeingia, hata sindano haishiki. Ni Msabato kwelikweli. Kambi inanyamaza kama imefunikwa na blanketi, halafu nyimbo zinaanza nyumba kwa nyumba. Mimi ni Mkatoliki, huwa naangalia tu.

Leo niliangalia vizuri zaidi.

Wazo lilinijia nikiwa naosha miguu. Ni wazo baya. Nimelipenda.

Jumatatu, 10 Machi

Nilirudi kwa meneja. Nikamwambia Jumapili wengine tuna misa, wengine wana soko, heri tucheze Ijumaa baada ya kupima. Akamwita Kerubo amuulize.

"Hata Ijumaa," Kerubo alisema. "Nitamfunga huyu Mluhya, halafu niende nikaoge."

Ana haki ya kusema hivyo. Kupima kukiisha mapema, jua linabaki la kutosha mechi nzima.

Hakutaisha mapema.

Jumatano, 12 Machi

Kerubo ana sheria moja. Akikuta jani gumu ndani ya gunia lako, unamwaga lote kwenye turubai, unachambua mpaka libaki jani laini tupu. Hakuna anayepima mpaka umalize. Lori lingoje, mvua inyeshe, yeye hajali. Alimfanyia Bosibori hivyo akiwa anatetemeka kwa homa. Bosibori alichambua huku anatapika.

Basi Ijumaa nitachuma majani magumu. Mengi. Kerubo ataniambia nimwage, kwa mdomo wake mwenyewe, na jua litaenda zake. Halafu achague. Acheze Sabato imkute uwanjani, mbele ya watu wa kanisa lake. Au atoke, aniachie ufunguo.

Sijamwambia mtu. Hata Bosibori.

Jioni nilirusha mpira mpaka pete ikawa haionekani. Kila nikirusha nauona uso wake pale katikati. Zinaingia zote. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije huku. Nilichuma nikiimba, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Ijumaa, 14 Machi

Imekuwa.

Nilichuma yale ya chini, yaliyokomaa, nikayaficha katikati ya gunia. Mazuri juu. Kwenye kituo cha kupimia Kerubo alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, kama desturi yake, akatoka na jani gumu kama ngozi ya mbuzi. Alilishika. Aliangalia jua. Watu wote walikuwa wanamwangalia. Angeweza kulitupa, apime, twende.

"Mwaga," alisema.

Nikamwaga. Nikachambua taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Wenzangu wakaja kunisaidia, nikawaambia wapumzike, ni kosa langu.

Tulianza vivuli vikiwa virefu. Kwanza walituzidi. Lazima niandike ukweli, Kerubo anajua kucheza. Ni mnene, lakini akiruka hujui ametokea wapi, na kipindi chote anaongea na wenzake, anawapanga, anawatania, wanacheza kama ndugu wa tumbo moja. Sisi tukajikaza. Nikafunga, nikafunga tena, tukawa sawa.

Ndipo nikamwona anaangalia mlima zaidi kuliko mpira. Nilisikia utamu mdomoni, kabisa, kama nimetafuna muwa.

Jua likagusa mlima. Mpira ulikuwa mikononi mwa Kerubo, chini ya pete yetu, na mlinzi wetu alikuwa ameteleza. Angefunga akiwa amefumba macho. Akauweka mpira chini. Akavua kizibao cha timu, akakikunja mara mbili. Akatembea uwanja mzima mpaka nilipo. Sikurudi nyuma.

"Lile gunia lilikuwa la makusudi," alisema. "Nilijua mkono wangu ukiwa bado ndani."

"Sasa kwa nini uliniambia nimwage?"

"Kwa sababu yalikuwa magumu."

Akaondoka. Hakugeuka. Timu yake ikamfuata.

Nikageuka kuwaambia wenzangu tumeshinda. Bosibori alikuwa anavua kizibao. Na wa nyuma yake. Na wa nyuma yake tena. Nilipanga Sabato ya Kerubo, nikasahau kwamba nusu ya timu yangu ni Wasabato. Nakula nao. Nalala chumba kimoja na mmoja wao. Nilisahau.

Tulibaki Wakatoliki wachache, tumesimama kama kuku waliofungiwa nje. Karani wa mizani, ambaye ndiye alikuwa refa, akasema anayetaka kufunga afunge. Nikauokota mpira, nikaenda upande wao, nikafunga. Hakuna mkono hata mmoja mbele yangu. Akapuliza filimbi.

Ufunguo ninao. Uko chini ya mto. Ni mzito, wa zamani.

Nimeshinda.

Jumamosi, 15 Machi

Kambi kimya. Wasabato wote kanisani. Bosibori aliondoka bila kuniamsha.

Aliporudi nilimpikia. Hakula. Akasema, "Ungeniuliza, dada. Sabato si ya Kerubo peke yake."

Nikamwambia asingesema hivyo kama angekuwa yeye aliyechomewa kitabu. Akajibu kwamba yeye alimwagishwa gunia akiwa na homa, na hakumvizia mtu. Nikakasirika kwa sababu ni kweli.

Bado namchukia Kerubo. Sasa namchukia zaidi, kwa sababu ya vile alivyouweka mpira chini.

Jumatatu, 17 Machi

Kazini. Wakati wa kupima Kerubo alitia mkono kwenye kila gunia. Alipofika kwangu akaliruka. Hakuliangalia hata. Akamwambia karani, "Pima."

Nilikuwa nimechuma vizuri leo, jani laini tupu. Nilitaka alione.

Mchana nilikaa mwisho wa mstari peke yangu. Hakuna aliyenitania. Sikujua kwamba utani ule ulikuwa unanishikilia.

Alhamisi, 20 Machi

Maboksi yamefika kutoka Kiogoro. Bosibori alikuwa ameahidi, akatimiza, ingawa bado anaongea nami maneno ya lazima tu. Nilifukuza popo, nikafagia, nikapanga vitabu kwenye zile rafu za simenti walizokuwa wanawekea mikebe ya maziwa. Riwaya, vitabu vya shule, vya ng'ombe, vya mimea, kimoja cha nyota. Nimekaa sakafuni nikavinusa. Sioni haya kuandika hivyo.

Nilibandika karatasi mlangoni. Karibuni wote.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna aliyekuja. Wa kambi ya chini hawataki, hilo nilitegemea. Wa kambi ya juu wanapita wakisema chumba kile kilipatikana vibaya. Mama mmoja alichungulia, akasema atakuja siku nyingine. Aliongea kama mtu anayemkwepa mwuzaji.

Nimesoma riwaya nzima. Nzuri sana. Katikati kuna mahali pa kuchekesha mno, nilicheka kwa sauti, nikainua kichwa nimsomee mtu.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya misa nilifungua chumba. Mwanga mzuri unaingia pale dirishani. Nikachukua kile cha nyota.

Kutoka uwanjani nilisikia filimbi. Wamechanganya kambi zote mbili sasa, wanacheza tu, bila kushindania kitu. Nilimsikia Kerubo anapanga watu. Nilisikia wanavyocheka. Nikasoma ukurasa mmoja, nikaurudia, nikaurudia. Vitabu ninavyo, ukuta mzima. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa inataka kitu kingine.

Niliteremka. Nikasimama kwenye mstari. Upande mmoja walikuwa wamepungukiwa mtu, lakini hakuna aliyeniita. Mchezo uliendelea. Nilisimama muda mrefu, mpaka miguu ikaanza kuona aibu.

Kerubo akaupata mpira. Akaniona. Akaurusha kwa nguvu zake zote, kifuani kwangu, kama anapiga nyoka.

Nikaudaka.

"Ulinzi," alisema.

Mimi si mlinzi. Nikaenda ulinzi, upande ule uliopungukiwa mtu. Tulifungwa vibaya, na yeye ndiye aliyefunga karibu yote, na kila akifunga alinisukuma kwa bega zaidi kidogo kuliko inavyoruhusiwa. Nami nikamsukuma.

Sikumwomba msamaha. Naye hakuniomba. Sidhani tutaombana.

Sasa ni jioni. Kifua kinauma nikivuta pumzi. Mlango wa chumba cha maziwa nimeuacha wazi. Bosibori yuko ndani, ameketi juu ya boksi, anafunua kitabu cha ng'ombe. Naandikia hapa kizingitini. Anageuza ukurasa, kisha mwingine.