Jina Lako Redioni

Kaka yangu Saidi,

Jana wajukuu wangu waligombana mbele ya televisheni kwa ajili ya timu mbili za Ulaya, mpaka mmoja akakataa kula na mwenzake. Nikakukumbuka. Nikaingia chumbani, nikalia.

Unazikumbuka Jumapili za baada ya uhuru? Timu ya Magara au ya Kizuka ikija kucheza nanyi hapa Rumonge, ugomvi wote uliishia uwanjani. Jioni wachezaji wa pande zote mbili walikaa mkekani kwetu, mama akawapakulia ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese. Aliyeshinda na aliyeshindwa walinawa katika beseni moja.

Kisha mtangazaji kutoka Bujumbura akaanza kuja, na jina lako likasikika redioni. Mama aliita majirani wote wasikilize. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza mchezo ulikuwaje. Waliuliza redio imesema nini. Nawe ukaanza kupiga mashuti ya mbali, hata Zakaria, rafiki yako wa tangu utotoni, akiwa peke yake mbele ya goli.

Ile mechi mliyofungwa kwa pasi yako mbovu, mtangazaji alimlaumu Zakaria. Wiki nzima watu walimcheka sokoni, pale alipokuwa akishona viatu. Nilikuambia, "Kaka, nenda useme ukweli."

Ukanijibu, "Redio ikishasema, mimi nani atanisikiliza? Nitaenda kwa Zakaria, mdogo wangu. Si leo."

Zakaria hakuja tena kula kwetu.

Ukafika mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji nchini kwetu. Watu wenye silaha walikuja mchana, wakakuulizia kwa jina. Mama akawaambia, "Hapa iko mimi na huyu mutoto tu." Walipomsukuma akaanguka, ukatoka mwenyewe nyuma ya nyumba. Mmoja wao akakutazama, akatabasamu. "Kumbe ni wewe wa kwenye redio." Akakupa mkono, kama shabiki. Kisha wakakupandisha kwenye lori.

Sisemi redio ndiyo iliyokuua. Mwaka ule walichukuliwa wengi ambao majina yao hayakuwahi kutangazwa popote. Ila ule mkono aliokupa haunitoki.

Siku ya tatu Zakaria alikuja, akakaa na mama mkekani. Nikamwambia mimi ule ukweli wa pasi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa uwanjani. Nilikuwa namungoja yeye tu."

Hatukupata mwili wa kuzika. Siku hizi wajukuu wanalitazama goli moja mara kumi, wanamsikia mchezaji akihojiwa asubuhi na jioni. Wewe jina lako lilitajwa nchi nzima, lakini sauti yako hakuna aliyeichukua. Mimi nimezeeka, kaka, na nimeanza kuisahau.

Mungu akurehemu, popote walipokulaza.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwacha mlangoni na mama.