Goti Lililoombewa Zaidi

Leo tarehe 9 Mei, asubuhi manyunyu tu, na magoti yananiuma. Bok-nam rafiki yangu, nimeaibika! Nimeaibika!

Unalikumbuka jaribio langu la darasa la jioni, la kuona kama kemikali za pakanga, ule mmea mchungu wa dawa, zinapunguza uvimbe? Goti la kushoto nalifunga pakanga iliyopondwa, la kulia kitambaa cha maji matupu. Wiki mbili napima kila siku kwa futi ya fundi cherehani. Bila alama za jaribio hili sipati cheti.

Leo nasimama mbele ya darasa. Goti lililonywea zaidi ni la kulia! La maji matupu!

Mwalimu Seo akakuna kichwa. "Mama Mal-ja, hili ulilifanyia kitu kingine?"

Ningedanganyaje? "Nililiombea."

"Na la kushoto?"

"Kidogo tu. Lenyewe lina dawa. Hili nililihurumia."

La haula, kile kicheko! Chun-ja, ninayekaa naye darasani, akapiga meza: "Mwenzangu, pakanga umeishindanisha na Mungu, ingeshinda vipi?"

Mwalimu akafuta machozi, akanipa wiki mbili nyingine nirudie jaribio. Nikainua mkono mbele ya wote: "Naahidi, Mungu anasikia nanyi mnasikia: goti la kulia sitaliombea hata neno moja mpaka nipate cheti."